Onja kwanza, kisha uweke: Mvinyo mwekundu wa bei si pambo la sebuleni

UMEPEWA chupa ya mvinyo mwekundu siku ya kuhitimu. Au bosi alikukabidhi moja mwisho wa mwaka. Au mshahara wa kwanza uliingia ukaamua kujibamba. Lebo ina picha ya jumba la kifahari na maneno ya Kifaransa ambayo ulimi wako unayakataa. Unaibeba hadi kwa keja, unaisimamisha kando ya televisheni ili kila mgeni aione, na mabeshte wakiuliza itafunguliwa lini, unawajibu: "Hiyo naiweka. Mvinyo ukikaa sana ndio unakuwa mtamu."

Pole, lakini kuna uwezekano mkubwa kuwa unaiharibu.

Mvinyo mwingi unaouzwa madukani hautengenezwi ili ukae. Umetengenezwa unywewe mwaka huu au ujao, na kila msimu unaopita ukiwa juu ya hilo kabati, ladha ya matunda inazidi kufifia. Ile michache inayoimarika ikizeeka nayo ina masharti, na hapo kando ya televisheni hakuna hata moja linalotimizwa.

Sasa utajuaje kama chupa yako ni ya kuwekwa au ya kufunguliwa wikendi hii? Bei haitakuambia, wala lebo. Utakaokuambia ni ulimi wako mwenyewe, ukiufundisha kidogo. Anayejua kuonja ndiye anayejua kuweka, na hakuna njia ya mkato.

Kabla hatujaenda mbali: sheria ya Kenya inaruhusu pombe kwa waliotimiza miaka 18. Kama hujafika, soma tu ujue, chupa iache itulie.

Mtindo wa Bordeaux ni upi?

Bordeaux ni mji ulio kusini-magharibi mwa Ufaransa, karibu na Bahari ya Atlantiki. Mto Garonne unapita hapo, unakutana na mto Dordogne, na kwa pamoja inaunda mlango mpana wa maji uitwao Gironde. Upande wa kushoto, katika maeneo kama Pauillac na Margaux, udongo umejaa kokoto. Hapo zabibu aina ya Cabernet Sauvignon ndiyo inayotawala. Upande wa kulia, kule Saint-Émilion na Pomerol, kuna mfinyanzi na chokaa kwa wingi, na Merlot ndiyo mwenye mji.

Jambo la kushika ni kwamba mvinyo mwekundu wa Bordeaux kwa kawaida ni mchanganyiko. Fikiria kikosi cha soka. Cabernet Sauvignon ni beki: ngumu, kali, haipitiki kirahisi. Merlot ni kiungo wa kati anayelainisha mchezo. Cabernet Franc inaleta harufu, na Petit Verdot inaingia kama mchezaji wa akiba kuongeza rangi na nguvu.

Wafaransa hawakuanza kuchanganya kwa mbwembwe. Hali ya hewa ya Atlantiki haitabiriki, na Merlot huiva mapema kuliko Cabernet. Mvua ikiharibu mavuno ya moja, huenda nyingine ikasalimika. Ni bima ya mkulima iliyogeuka kuwa mtindo ambao dunia nzima inauiga. Ukisikia "mtindo wa Bordeaux", maana yake ni mchanganyiko wa zabibu hizo, hata kama shamba liko California au Afrika Kusini.

Na si lazima uwe sonko ndipo uufikie. Mivinyo mingi ya Afrika Kusini huuzwa hapa Nairobi, na Stellenbosch ni mojawapo ya maeneo yanayosifika kwa mtindo huu. Mfano maarufu ni Rubicon, wa shamba la Meerlust, ambalo limekuwa mikononi mwa familia ya Myburgh tangu 1756. Rubicon ya kwanza ilitokana na mavuno ya 1980. Shamba hilo liko karibu na bahari, na upepo wa baharini huzipoza zabibu ili zisiive haraka kupita kiasi.

Ukakasi ndio unaoshika usukani

Umewahi kuuma ndizi mbichi? Ule mkazo unaokausha ulimi na kushika ufizi unaitwa ukakasi. Unaupata pia kwenye strungi iliyosahaulika jikoni hadi majani yakachemka kupita kiasi. Kinacholeta hali hiyo ni kemikali ziitwazo tanini. Kwenye mvinyo, tanini hutoka katika maganda na mbegu za zabibu, na nyingine katika mapipa ya mti wa mwaloni. Pipa la Bordeaux huwa la lita 225, sawa na chupa 300 hivi, na mvinyo wa hadhi hukaa humo mwaka mmoja hadi miwili.

Tanini hunasa protini zilizo katika mate yako, ndiyo maana mdomo unahisi umekauka. Mvinyo wa mtindo huu ukiwa mchanga unaweza kukukera kabisa. Unameza, unakunja uso, unajiuliza, "Hii ndiyo watu wanauza shamba wanunue?"

Lakini ukakasi huo ndio akiba yake. Miaka ikipita, tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na pamoja na rangi ya mvinyo. Nyingine huwa nzito na kuzama chini ya chupa kama machicha. Kinachobaki ni laini. Harufu nayo hubadilika: tunda bichi linarudi nyuma, na mbele zinakuja harufu za ngozi, tumbaku, majani makavu na udongo ulionyeshewa na mvua ya kwanza.

Uchachu nao una kazi. Bila uchachu, mvinyo hulegea na kuzeeka vibaya. Na lazima kuwe na tunda la kutosha tangu mwanzo, kwa sababu tunda hufifia jinsi miaka inavyokwenda. Mvinyo wenye ukakasi mwingi na tunda haba ukiuweka miaka kumi, tunda litatoweka na ukakasi utabaki. Muda hauugeuzi mvinyo mbaya kuwa mzuri. Unaufanya tu kuwa mbaya na mzee.

Hatua za kuonja

Weka simu chini. Mimina mvinyo usiozidi theluthi moja ya glasi, kisha fuata hatua hizi.

Tazama. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe na uangalie ukingoni. Zambarau iliyokolea inaonyesha mvinyo mchanga. Rangi ya tofali inaonyesha umri. Yale machozi yanayoteremka kwenye ukuta wa glasi, ambayo wajuaji hupenda kuyataja wakitaka kukutisha, yanahusu hasa kiwango cha alkoholi. Hayasemi lolote kuhusu ubora.

Nusa. Nusa kabla ya kuzungusha glasi, kisha izungushe na unuse tena. Usihangaike na matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyaona. Tafuta unachokijua: zambarau, forosadi, pilipili hoho, moshi, kahawa. Cabernet ina harufu fulani kama penseli iliyochongwa sasa hivi, ile ya mti wa mutarakwa, na mtoto yeyote aliyesoma shule ya msingi hapa Kenya anaijua. Harufu ya hoho ikizidi, huenda zabibu hazikuiva sawasawa. Ukipata harufu ya katoni iliyolowa, kizibo kimeuchafua mvinyo na kosa si lako. Rudisha chupa dukani. Ikiwa ni harufu ya siki, mchezo umeisha.

Onja. Chukua funda dogo, liache lizunguke mdomoni, vuta hewa kidogo kupitia midomo kana kwamba unapoza uji. Angalia ukakasi unashika wapi: kwenye ufizi, ulimi au mashavuni. Angalia kama mate yanajaa pembeni mwa ulimi kama unapofikiria ukwaju. Huo ndio uchachu.

Hesabu. Meza, au teme kama wanavyofanya wataalamu ili kichwa kibaki sawa, kisha uhesabu sekunde ambazo ladha inabaki. Ikikata mara moja, huo ni wa kunywa leo. Ikiendelea kukusindikiza sekunde kumi, kumi na tano, chupa hiyo ina pumzi.

Sasa jiulize mambo matatu. Je, kuna ukakasi wa kutosha? Kuna uchachu? Kuna tunda linalobaki mdomoni? Ukijibu ndiyo mara tatu, chupa ya aina hiyo inastahili kuwekwa. Ikikosa hata moja, alika watu muinywe.

Kuna jaribio jingine rahisi. Kunywa nusu ya chupa, rudisha kizibo, acha nusu nyingine hadi kesho yake. Ikiwa kesho imefunguka na kulainika, bado ina maisha mbele. Ikiwa imepooza, usiiwekee matumaini ya miaka.

Usikubali lebo ikuonjee

Mwaka 1855, Mfalme Napoleon III alikuwa na maonyesho makubwa jijini Paris, na madalali wa Bordeaux wakatakiwa kupanga mivinyo yao. Waliigawa mivinyo myekundu katika madaraja matano, kwa kufuata hasa bei iliyokuwa ikiuzwa. Orodha hiyo ingali inatumika hadi leo. Badiliko linalojulikana zaidi lilikuja 1973, pale Mouton Rothschild ilipopandishwa hadi daraja la kwanza.

Miaka mitatu baadaye, Mei 24, 1976, mwenye duka la mvinyo jijini Paris, Mwingereza Steven Spurrier, aliandaa shindano. Waamuzi Wafaransa walimiminiwa mvinyo bila kuona lebo. Kwenye meza ya mvinyo mwekundu kulikuwa na minne ya Bordeaux, Mouton ikiwemo, na sita ya California. Aliyeshinda? Stag's Leap wa California, mavuno ya 1973. Paris ilipigwa na butwaa.

Wakosoaji walikuwa na jibu: sawa, ya Marekani inapendeza ikiwa michanga, lakini ngojeni izeeke muone. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na dawa yake ilikuwa ni kungoja. Mwaka 2006, miaka 30 baadaye, mvinyo mwekundu wa mavuno yale yale ulionjwa upya London na Napa. Nafasi tano za kwanza zote zilikwenda California, na kileleni ilikuwa Ridge Monte Bello ya 1971.

Na usidhani wataalamu hawadanganyiki. Mnamo 2001 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio waliloliwapa wanafunzi 54 wa somo la mvinyo, huko huko Bordeaux. Mvinyo mweupe ulitiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yameshaamua kabla ya pua kusema lolote.

Kwa hivyo ukiwa na mabeshte, funikeni chupa kwa gazeti. Kila mmoja aandike alichopata kabla ya yeyote kufungua mdomo. Utashangaa ni nani anajua na ni nani alikuwa akisoma lebo.

Chupa iliyouawa na taa

Desemba 1985, katika mnada wa Christie's jijini London, chupa ya Lafite iliyodaiwa kuwa ya 1787 iliuzwa kwa pauni 105,000. Ilikuwa imechongwa herufi za Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani na ambaye kweli alizuru Bordeaux mwaka huo wa 1787. Familia ya Forbes, wenye jarida maarufu, ndiyo iliyoinunua na kuiweka kwenye maonyesho, imesimama wima chini ya taa. Joto la taa likakausha kizibo, kikasinyaa, kikatumbukia ndani ya chupa.

Baadaye mambo yakawa mabaya zaidi. Bilionea Bill Koch, aliyenunua chupa nyingine nne zenye herufi hizo hizo, aliajiri wachunguzi, na wataalamu wao wakasema herufi zilichongwa kwa chombo cha umeme. Karne ya 18 haikuwa na kifaa hicho.

Kama tajiri wa kiwango hicho alipoteza chupa kwa kuifanya pambo, wewe na hiyo yako iliyo kando ya televisheni mna nini cha kujitetea?

Mahali pa kuiweka

Mvinyo wa kuwekwa miaka unahitaji nyuzijoto kati ya 12 na 14, mahali penye giza, penye unyevu kiasi na pasipotikisika. Chupa yenye kizibo cha koki hulazwa, ili mvinyo ukilowanishe kisikauke na kuruhusu hewa. Yenye kifuniko cha kuzungusha inaweza hata kusimama.

Kinachoharibu zaidi ni joto, pamoja na kupanda na kushuka kwake. Joto likipanda, mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo. Likishuka, hewa huingia. Ndiyo maana jikoni karibu na stovu ni mahali pabaya kuliko pote, na juu ya friji ni pabaya vilevile, kwa sababu kuna joto na mtikisiko.

Kama unaishi Mombasa, ambako mchana hufika nyuzijoto 30 hivi kwa miezi mingi, usijidanganye. Bila friji maalum ya mvinyo, usiweke chupa kwa miaka. Nunua, kunywa, maisha yaendelee. Nairobi ina nafuu kwa kuwa iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na usiku huwa na baridi. Lakini keja ya ghorofa ya juu kabisa, jua la Januari likipiga paa, ni tanuri. Tafuta sakafu ya kabati la nguo, upande usiopigwa na jua, chupa ikiwa imelazwa ndani ya boksi lake. Nunua kipimajoto cha bei nafuu na ukiache hapo wiki nzima. Kikipanda na kushuka sana, hapo hapafai. Sehemu kama hiyo inaweza kuhifadhi chupa nzuri kwa mwaka mmoja au miwili. Ukitaka miaka kumi, friji ya mvinyo au ghala la kitaalamu ndilo jibu.

Friji ya kawaida ni ya muda mfupi tu, kwani hewa yake ni kavu na inatetemeka. Ile ya katoni? Usithubutu kuiweka. Mfuko wa plastiki hupitisha hewa kidogo kidogo.

Undeni chama

Hapa ndipo vijana wengi hukwama: chupa moja ya mvinyo mzuri ni bei, na ukishaifungua kuonja, huna tena ya kuweka. Jawabu tunalo tangu zamani. Tunachangishana kununua shamba, masufuria na tiketi za Dubai. Sasa changishaneni mvinyo.

Wawe watu sita, kila mmoja atoe hela ya chupa moja, mnunue chupa sita za mvinyo ule ule, wa mavuno yale yale. Bandika selotepu kwenye kila chupa na uandike tarehe. Fungueni moja mara moja na muandike mlichopata. Mkiona ina mambo yale matatu, wekeni zilizobaki kwa yule mwenye keja yenye baridi. Ya pili ifunguliwe baada ya mwaka, ya tatu baada ya mwingine. Mtasikia wenyewe ukakasi ukilegea. Na siku mtakayoona tunda limeanza kupungua, msiambiane "tungoje kidogo". Malizeni zilizobaki msimu huo huo. Mvinyo una kilele chake, na ukishateremka haurudi juu.

Siku ya kufungua

Ikiwa chupa ni ya miaka mingi, isimamishe wima siku nzima kabla ili machicha yatue. Mimina polepole kwenye jagi safi la kioo, tochi ya simu ikiwa nyuma ya shingo ya chupa, na uache kumimina machicha yakikaribia. Mvinyo mchanga mkali unaweza kuachwa kwenye jagi saa moja au mbili ukutane na hewa. Mkongwe sana usiucheleweshe, hewa itaumaliza.

Na ile kauli ya kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la kawaida la chumba ilitoka kwenye nyumba za kale za Ulaya, zilizokuwa na baridi. Nyuzijoto 16 hadi 18 zinatosha. Iweke kwenye friji nusu saa kwanza.

Chakula? Nyama choma, bila mjadala. Mafuta na protini za nyama huipa tanini kitu cha kushika, na ukakasi unatulia. Pilipili nyingi itaufanya mvinyo uonekane mkali zaidi, hivyo kachumbari iwe ya upole. Anayeendesha gari asiguse.

Basi leo jioni, ukifika kwa keja, itoe ile chupa kando ya televisheni. Soma mwaka wa mavuno. Kama ni mvinyo wa kawaida uliokaa hapo miaka mitatu, usiuhurumie, pigia mabeshte simu. Kama unahisi ni wa kuwekwa, tafuta mwenzake dukani, muuonje kwanza, kisha muamue. Chupa iliyozeeka bila mtu kujua ladha yake si akiba. Ni kioo tu chenye vumbi.